Waja Leo, Waondoka Leo: Tanga kwa Mgeni Mpenda Lugha

Miji mingi ya pwani ina neno lake la kumpokelea mgeni. Tanga ina sentensi nzima: "Waja leo, waondoka leo." Msemo huu umekaa vinywani mwa watu kwa muda mrefu hata umekuwa kama jina la pili la jiji. Maelezo yake husikika kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaosema ni kejeli ya upole kwa msafiri aliyedhani atamaliza shughuli zake kwa siku moja arudi alikotoka. Mji ukamkalisha, mwezi ukaandama angali yupo. Wapo wanaosema ni sifa ya mahali penye bandari na njia wazi, ambapo watu hupita kama maji ya mkondo. Sitaki kuamua ugomvi huo. Nataka kuuchukua msemo wenyewe uwe kiongozi wa matembezi, kwa sababu vivutio vingi anavyooneshwa mgeni wa Tanga ni alama za watu waliokuja wakaondoka, na mara nyingi kilichodumu zaidi ni neno kuliko jengo.

Kwanza tuutazame kwa jicho la sarufi. Katika "waja", kiambishi cha nafsi kimeungana na "a" ya wakati: u-a-ja huwa "waja", na wa-a-ja huwa "waja" vilevile. Kwa hiyo msemo unaweza kumwambia mtu mmoja aliyesimama mlangoni, "wewe waja leo", na unaweza pia kusimulia habari za kundi zima, "wao waja leo". Tena kuna "waja" ya tatu, ile ya mja na waja, viumbe wa Mwenyezi Mungu. Ukiisoma hivyo, kejeli ya mji inageuka kuwa wasia: binadamu waja leo, waondoka leo. Mtu anayezunguka Tanga kwa siku mbili tatu, kutoka mapangoni hadi makaburini, ataona kwamba maana zote tatu zinamhusu.

Jina la mji nalo lina jamaa zake. Tanga ni lile la chombo, linalopandishwa pepo za kusi na kaskazi zinapofaa. Kutanga ni kwenda huku na huko bila makao. Matanga ni siku za kukaa msibani. Sidai kwamba maneno haya yana shina moja, lakini mshairi hahitaji idhini ya mwanaisimu ili aone kwamba safari, utangaji na msiba vimekutana katika sauti moja, katika mji ambao historia yake imejaa vyote vitatu.

Matembezi yangu naanzia kaskazini. Kiasi cha kilometa nane kutoka mjini, kwa barabara iendayo Horohoro na Mombasa, ndipo yalipo mapango ya Amboni, karibu na Mto Mkulumuzi. Ni mapango ya mawe ya chokaa, na hutajwa kuwa miongoni mwa makubwa kabisa katika Afrika Mashariki. Maji yaliyopenya katika miamba kwa mamilioni ya miaka ndiyo yaliyoyachimba, na matone yake yameacha mawe yanayoning'inia darini na mengine yanayoota kutoka chini. Waongozaji humwonesha mgeni maumbo kwa mwanga wa tochi: hapa mamba, hapa kochi, hapa mlima. Jioni popo hutoka kwa makundi, na hilo peke yake linatosha kumkalisha mtu hadi magharibi. Neno lenyewe pia lina mzaha wake, kwa kuwa Kiswahili kina pango la mwamba na pango la nyumba, lile linalolipiwa kodi. Amboni mgeni hulipa pango ili aingie pango.

Lakini mwenye sikio la lugha atagundua jambo jingine. Ndani ya mapango haya habari nyingi husimuliwa kwa "inasemekana". Inasemekana Mzungu aliingia na mbwa wake asionekane tena, mbwa akaibukia mbali upande wa Kilimanjaro. Inasemekana katika miaka ya 1950 Osale Otango, aliyekuwa akisakwa na serikali ya kikoloni, alijificha humo. Inasemekana njia moja inafika Mombasa. Kitenzi hiki kisicho na mtenda ndicho kinachobeba historia ya mahali ambapo hapakuwa na mwandishi. Na sehemu iitwayo mzimuni, ambako watu wa jamii za jirani, Wadigo, Wasegeju, Wabondei na Wasambaa, wamekuwa wakipeleka sadaka na maombi yao, inatukumbusha kwamba kabla ya kuwa kivutio cha wageni, Amboni palikuwa mahali pa haja. Mtu alikwenda kuomba mtoto au mvua. Ukiona kitambaa au kichupa cha marashi penye kona ya giza, ujue unasoma ubeti wa utungo ulioanza zamani na ambao bado haujafungwa kituo.

Upande huohuo wa Amboni ziko chemchemi za maji ya moto yenye kiberiti ambayo watu huyaendea kwa kuamini kwamba yanatibu ngozi. Zinaitwa Galanos, jina la mlowezi wa Kigiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Maji yalitoka ardhini kabla ya Mgiriki huyo kuzaliwa, lakini jina lake ndilo lililokaa. Hapa ndipo nilipoanza kujiuliza swali linalonifuata katika kila kituo cha matembezi haya: ni nani aliyepewa haki ya kuita?

Swali hilo linakuwa kali zaidi ukifika ufukweni na kutazama ghuba. Mbele ya bandari kuna kisiwa kidogo chenye magofu ya misikiti na makaburi ya kale. Waswahili waliishi humo kwa vizazi, kisha wakahamia bara, na mji ukakua upande wa pili wa maji. Wajerumani walipofika waliyaona makaburi, wakakiita Toteninsel, yaani kisiwa cha wafu. Mpaka leo mgeni anaambiwa atazame "Toten", na wengi wanaolitaja jina hilo hawajui kwamba wanasema "wafu" kwa Kijerumani. Ni jambo la kustaajabisha. Kisiwa kilichokuwa na watu, minazi, adhana na arusi kinaingia katika vitabu vya wageni kwa jina alilokipa mtu aliyeona makaburi tu. Jina hilo si la uongo, maana wafu wako kweli. Ila linaanza hadithi mwishoni, kama mtu anayesoma kituo cha shairi akadhani amesoma shairi lote.

Ukifuata ufuo kuelekea mashariki unafika Raskazone, ambako wakazi huenda kuogelea na kupunga upepo. Ni mahali pa starehe leo, na panastahili kuwa hivyo. Lakini tarehe 2 na 3 Novemba 1914 ndipo lilipoanza kushuka jeshi la Waingereza kutoka India, watu wapatao 8,000, kuja kuuteka mji. Waliowakabili walikuwa kama 1,000 hivi, askari wa Kiafrika na Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye alileta vikosi kwa reli kutoka Moshi. Tarehe 4 mapigano yalikuwa makali katika mashamba na mitaa. Risasi zilichokoza nyuki waliokuwa katika mizinga juu ya miti, nao wakawavamia askari wa pande zote mbili. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini, wakaacha silaha nyingi nyuma yao. Vitabu vya Kiingereza vimelipenda sana jina la "vita vya nyuki".

Kwa Kiswahili, tukio hilo lina ukali ambao lugha nyingine haiwezi kuupata. Mzinga ni gogo lililotobolewa nyuki wakae. Mzinga ni silaha inayotema moto. Siku ile Tanga ililia mizinga ya aina zote mbili. Manowari ilirusha mizinga kutoka baharini, na mizinga ya mitini ikajibu bila kuamriwa na jemadari yeyote. Methali yatuambia tufuate nyuki tule asali; askari waliotolewa mbali ng'ambo ya bahari walifuatwa na nyuki, wakala miiba. Makaburi na kumbukumbu za vita hivyo bado zipo mjini. Mgeni akienda kuyatazama ataona majina ya watu waliokuja kwa amri wala hawakuondoka. Na azingatie pia wale wapagazi na raia wa mitaa ambao hawana jiwe lililochongwa jina. "Waja leo" kwao ilikuwa na maana ya tatu tuliyoitaja.

Turudi mjini. Boma la zamani la Wajerumani sasa ni makumbusho ya Urithi, ambamo picha na vitu vya kale vinaeleza habari za mji. Majengo mengine ya enzi hiyo yamesambaa kati ya bandari na stesheni, na mtu anaweza kuyazunguka kwa miguu asubuhi moja. Reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, ikiwa ya kwanza katika himaya ya Wajerumani ya Afrika Mashariki. Ilipanda polepole: mwaka 1896 ilikuwa Muheza, na kabla ya Vita vya Kwanza ilikuwa imefika Moshi. Mwaka huohuo wa 1893 ndipo Richard Hindorf alipoingiza mimea ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ndiyo iliyonusurika, na kutokana na hiyo yakatokea mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya mwanzo ya 1960.

Mmea ulikuwa mgeni, lakini neno halikuwa geni. Watu wa pwani walikuwa na mkonge wao wa porini, wenye majani marefu ya nyuzi, waliouponda na kusokota kamba. Mgeni alipofika kutoka Florida alipewa jina la mwenyeji aliyefanana naye, na baadaye mwenyeji akasahaulika. Leo ukisema mkonge, kila mtu anafikiria mashamba yaliyopangwa kwa mistari. Hivi ndivyo lugha inavyompokea mgeni: humvika nguo ya ndugu wa nyumbani.

Watu hawakupokewa kwa hisani hiyo. Mashamba yalihitaji mikono, na mikono ilitafutwa mbali, Kigoma, Songea, Burundi, Msumbiji. Kila kibarua aliandikishwa na kupewa namba, na kutoka namba hiyo tukapata neno "manamba". Sijui neno la Kiswahili linalosema mengi zaidi kwa silabi tatu. Linaeleza mfumo mzima wa uchumi: mtu anatoka kwao akiwa mwana wa fulani, anashuka stesheni na kugeuka tarakimu. Anayetembelea mkoa wa Tanga na kupiga picha ya mistari ya mkonge iliyonyooka hadi upeo wa macho afahamu kwamba alama kubwa ya mashamba yale haionekani pichani. Imo katika kamusi. Nayo haikuishia hapo, kwani wengi wa manamba hawakurudi. Walioa, wakaolewa, wakazaa, na wajukuu wao leo wanasema Kiswahili cha Tanga kinachosifiwa na nchi nzima.

Neno jingine lililoshuka bandarini ni "shule", kutoka Kijerumani. Waswahili walikuwa na chuo, ambako mtoto alisomea Kurani na herufi za Kiarabu. Serikali ya Wajerumani ilifungua shule yake Tanga mapema katika miaka ya 1890, na humo ndimo lilimochapishwa, kuanzia mwaka 1904, gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, lililoendelea hadi katikati ya vita. Ni mwaka huohuo wa 1904 ambapo sarafu ya heller ilianza kutumika, tukapata "hela". Shule, gazeti na hela: nimeona mara nyingi watu wakizungumzia ukoloni wa Kijerumani kana kwamba ulipita bila kuacha kitu kinywani mwetu. Jengo la boma huhitaji ukarabati ili lisianguke, ilhali "hela" haijahitaji hata kupakwa chokaa.

Hata hivyo wakati ule haukuandikwa kwa herufi za Kilatini peke yake. Katika pwani hiihii ya Mrima, Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi mrefu juu ya vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, ile ghasia ya 1888 na 1889 ambayo mwishoni mwake Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani. Hemedi aliandika kwa hati za Kiarabu na kwa bahari ya utenzi, akitazama kutoka upande wa waliovamiwa. Baadaye kazi hiyo ilihaririwa na J. W. T. Allen na kuchapwa, ndipo wengi wetu tukaipata. Nasema kwa uhakika kwamba mgeni mwenye kutaka kuelewa boma la Tanga atafaidika zaidi akiwa amesoma utenzi huo kuliko akiwa amesimama saa nzima mbele ya ukuta wake.

Kama umechoka na historia, jioni ipelekwe Ngamiani. Jina lina ngamia ndani yake, ijapokuwa leo hutamwona hata mmoja. Barabara zake hazina majina ya mashujaa wala ya magavana. Zimepewa namba, na mkazi atakuelekeza kwa utulivu kabisa, barabara ya nane, barabara ya kumi na mbili. Hapa namba haikumdhalilisha mtu. Imekuwa anwani, na watu wanajivunia barabara yao kama ukoo. Jirani kuna uwanja wa Mkwakwani, wenye jina la mti, mkwakwa. Ndiyo nyumbani kwa Coastal Union, mabingwa wa ligi ya Tanzania Bara mwaka 1988, ambao mashabiki huwaita Wagosi wa Kaya. Mgosi ni mwanamume, tena bwana mwenye heshima zake, katika lugha za milimani Usambara na Bonde. Siku ya mechi kelele za uwanja mzima zinachanganya Kiswahili na lugha hizo, wala hakuna anayeuliza neno limetoka wapi.

Muziki nao ni sehemu ya ziara, ingawa hauna kibao barabarani. Katika miaka ya 1960 na 1970 Tanga ilikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz katika dansi, na katika taarabu ilikuwa na Black Star na Lucky Star. Vikundi hivi vya taarabu vilipunguza ukubwa wa okestra ya mtindo wa Kimisri, vikaingiza magitaa na besi, na vikaufanya mdundo uwe wa kuchezeka. Sauti ya Shakila Said ilitoka katika mazingira hayo ikasikika hadi Mombasa na Zanzibar. Kwa washairi, mchango huo si mdogo. Wimbo wa taarabu hufuata mizani na vina vilevile tunavyofundishana hapa, na watu ambao hawajawahi kufungua diwani walizihifadhi beti hizo kwa moyo kwa sababu zilikuja na gitaa.

Sasa tushike barabara ya kusini, iendayo Pangani. Si mbali na mji iko Machui, na katika kitongoji cha Vibambani, tarehe 1 Januari 1909, alizaliwa Shaaban Robert. Wazee wake walikuwa na asili ya Kiyao, watu wa mbali kusini. Yeye mwenyewe alijiita Mswahili. Alisoma Dar es Salaam, akawa karani wa forodha Pangani, akahamishiwa Mpwapwa, na mwaka 1946 akarudi Tanga. Alifanya kazi katika ofisi ya wilaya, kisha katika ofisi ya upimaji ardhi. Mchana alishughulika na karatasi za ofisi. Usiku aliandika Kusadikika, nchi isiyo na kipimo chochote katika ramani. Alifariki Juni 1962, miezi michache baada ya uhuru, akazikwa Machui.

Natamka jambo hili bila kuficha: tunaolipenda jina la Shaaban Robert tumekuwa wazembe wa kuifahamu njia ya kwao. Tunamtaja katika kila kongamano, tunaiga mashairi yake, tunajibizana kuhusu falsafa yake, lakini mtalii anayefika Tanga akauliza wapi pa kwenda ataelekezwa mapangoni, chemchemini na penye majengo ya Wajerumani. Machui hutajwa mwisho, kama itatajwa. Mji unaomwonesha mgeni kaburi la askari aliyekaa siku tatu, ukasahau kumwonesha kaburi la mtu aliyeipa lugha yake heshima mpya, unahitaji kuamshwa, na wa kuuamsha ni sisi. Tena maisha yake ni jibu zuri kwa msemo wetu. Wazee wa Kiyao walikuja, mwana akabaki, na alichokiandika hakikuondoka.

Kituo cha mwisho kipo barabara hiyohiyo, kilometa kama 17 kusini mwa jiji. Tongoni ni magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya arobaini, mengi yakiwa na nguzo, na kuna wakati ambapo nguzo hizo zilipambwa kwa vyombo na vigae vya ng'ambo. Mji huu ulistawi katika karne ya 15. Jirani na fukwe hizi meli ya São Rafael ya msafara wa Vasco da Gama ilikwama mwaka 1498, na mwaka uliofuata Wareno, wakirudi kwao na mabaharia wachache, waliichoma moto huku huku. Richard Burton alipita mwaka 1857 akayakuta makaburi yakiwa tayari magofu.

Tongo, kwa asili yake ya Kibantu, ni mahali palipohamwa. Kwa hiyo Tongoni si jina la mji uliokuwapo. Ni jina la kutokuwapo kwake. Zamani palijulikana kama Mtang'ata. Hapo ndipo lugha inapofanya kazi ambayo mawe hayakuiweza. Mji umeanguka, bahari inakula ufuo, nguzo nyingi zimelala chini, lakini lahaja ya watu wa pwani hii bado inaitwa Kimtang'ata. W. H. Whiteley aliichapishia uchunguzi mwaka 1956. Mwanafunzi wa isimu anayejifunza orodha ya lahaja za Kiswahili, aliye Nairobi au Bujumbura, hutamka jina la mji uliokufa bila kujua kwamba ameutembelea.

Lakini kuna jina la tatu, nalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 18 walikuja watu kutoka Kilwa, wakakaa penye magofu haya na kupaita Sitahabu. Katika Kiswahili cha zamani, kustahabu ni kuona kitu kuwa bora kuliko kingine, kukichagua na kuridhika nacho. Wageni waliofika wakakuta makaburi ya watu wengine, hawakupaita mahali pa wafu. Walipaita mahali panapopendeza zaidi kuliko tulikotoka. Linganisha na kile kisiwa cha ghubani: makaburi yaleyale, wageni wawili, majina mawili. Mmoja aliandika alichokiona kutoka sitahani mwa meli. Mwingine aliandika alichokiamua baada ya kutua mzigo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa wasomaji wenzangu, hasa mlio karibu na Tanga. Kwanza, tuandike majina. Kila kitongoji cha ufuo ule kina jina, na kila jina lina mzee anayejua kwa nini. Kimtang'ata kinabanwa na Kiswahili cha darasani na cha redio, na mzee mmoja akiondoka na jina lake, hakuna ukarabati wa kulirudisha. Pili, tuandike maelezo ya vivutio kwa Kiswahili kinachofikiri, ili kijana anayekwenda Raskazone kuogelea ajue habari ya mizinga miwili, na anayepanda boti kwenda Toten ajue anasema nini. Mgeni atakayekuja kwa njia hiyo atafurahi zaidi kuliko aliyekuja kuhesabu majengo.

Nafunga kwa ubeti wangu, kama ilivyo desturi ya ukumbi huu, nikiwaachia malenga waujibu:

Mgeni njoo mjini, Tanga usome majina,
Uanze na Mapangoni, giza nalo linanena,
Uhitimishe Tongoni, mawe yalipopangana,
Waja leo twaonana, kesho litabaki neno.